Mgonjwa Asiye na Kundi la WhatsApp

Ujumbe wenyewe kila mwenye simu anaujua. Unaanza na "Bwana Yesu asifiwe" au "Assalaam aleykum ndugu zangu", linafuata jina la mgonjwa, hospitali aliyolazwa, kiasi kinachotakiwa na siku ya mwisho. Chini kuna namba ya kutumia hela na angalizo kwamba jina litakalotokea ni la shemeji yake. Kisha orodha inaanza kujaa. Mama Neema 20,000, tiki. Baba Junior 50,000, ahadi. Kila anayechanga anainakili orodha nzima, anaongeza jina lake chini, anairudisha kundini. Ikifika jioni mweka hazina anaandika kwa herufi kubwa: BADO LAKI NNE.

Sina ugomvi na orodha hiyo. Imelipa operesheni, imelipa ambulansi za kutoka wilayani, imenunua dawa ambazo duka la hospitali ya Serikali halikuwa nazo siku hiyo. Shida inaanza tunapoifanya jibu la swali lililo kubwa kuliko yenyewe: mtu anapoteseka, anayewajibika kumwondolea mateso ni nani? Tukiweka hotuba pembeni, jibu tunaloishi nalo leo ni kwamba anawajibika yeyote aliye na namba yake ya simu. Na namba za simu hazikugawiwa watu kwa kufuata ugonjwa.

Chukua watu wawili waliogongwa na bodaboda siku moja, wote wamevunjika paja. Mmoja ni mhasibu. Ana kundi la waliosoma naye chuo, la kazini, la ukoo, la jumuiya na la wazazi wa shule ya mwanawe. Mwingine ni dada wa kazi aliyeletwa mjini na mtu ambaye siku hizi hapokei simu. Mifupa ni ileile, vyuma vya kuiungia ni vilevile, na bei haitofautiani. Mhasibu atachangiwa kwa siku mbili na chenji itabaki. Yule dada atachangiwa na wenzake wa kazi za ndani, elfu mbili, elfu tatu, kwa moyo pengine mkubwa kuliko wa wale wa chuo, na hela haitatosha. Kwa hiyo mchango humfikia kwanza aliye karibu na wenye nacho. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Ndivyo kitu chenyewe kilivyo.

Halafu kuna magonjwa yasiyokuwa na tarehe ya mwisho. Figo zikishafeli, mgonjwa anasafishwa damu kwa kawaida mara tatu kwa wiki, wiki hii na ijayo na ya mwakani. Nimeona makundi ya aina hii. Mwezi wa kwanza hela zinamiminika. Mwezi wa pili watu wanaanza kuandika "nipo pamoja nanyi kwa maombi". Kufika wa nne mweka hazina anaandika peke yake, kila ujumbe una tiki mbili za bluu na hakuna anayejibu. Wale watu hawajawa wabaya. Wamechoka, nao wana ada za shule na kodi za nyumba. Huruma ya mtu mmoja mmoja inawahi kwenye ajali. Kwenye ugonjwa wa miaka inaishiwa pumzi.

Kuna malipo mengine ya michango ambayo hatuyaandiki kwenye orodha. Ili watu waguswe, mgonjwa lazima aonekane. Ndipo inapopigwa picha ya mtoto mwenye mpira puani, au ya mama aliyetolewa titi, bandeji ikiwa wazi, na inasafiri kutoka kundi hadi kundi hadi kwa watu ambao hata jina lake hawalijui. Vyeti vya daktari vinapigwa picha vikiwa na jina kamili, umri na ugonjwa, kwa sababu siku hizi matapeli ni wengi na wachangiaji wanataka ushahidi. Mtu aliyekuwa hataki hata mama mkwe ajue anaumwa nini, sasa ugonjwa wake unajulikana na fundi simu wa Mbagala. Akipona, picha haipotei. Tunaiita hiyo kusaidiana, na ni kusaidiana kweli, lakini tukubali kwamba anayesaidiwa ametoa siri yake ili apate dawa, na mwenye kadi ya bima hakuombwa aitoe kwa mtu yeyote zaidi ya daktari.

Wapo watakaosema utamaduni wetu ndio huu, tangu mababu tunabebana. Nakubali tunabebana, ila tunabebana vizuri zaidi tukishakufa. Nenda pwani yoyote, Tanga, Lamu, Unguja, uone mtu anavyozikwa. Jeneza lipo msikitini, ni la wote. Sanda itapatikana, wa kuosha atapatikana, wachimba kaburi watajitokeza, na anayepita njiani asiyemjua marehemu ataingia kwenye msafara kubeba hatua kadhaa. Hakuna anayeuliza marehemu alikuwa na marafiki wangapi. Mgeni aliyeshuka jana kutoka kwenye jahazi atazikwa kwa heshima ileile. Bara nako, mtaa mzima unaweza kukesha msibani kwa mtu ambaye alipokuwa kitandani miezi sita waliomtembelea walihesabika kwa vidole. Wafiwa huwa wanalisema hilo chinichini jikoni: alipoumwa hamkuonekana.

Maziko yanakwenda hivyo kwa sababu kwa Waislamu ni faradhi kifaya: wajibu ulio juu ya jamii nzima, ambao baadhi wakiutimiza wengine wamesalimika, na usipotimizwa na yeyote, dhambi ni ya wote walioweza wakaacha. Ninachokipenda kwenye fikra hiyo ni kwamba haimruhusu mtu mmoja kujificha nyuma ya umati, na pia haimtwishi mtu mmoja mzigo wa umati. Tena haikuishia makaburini. Imam Nawawi wa karne ya 13, ambaye kitabu chake cha sheria za Kiislamu, Minhaj, kimesomeshwa kwa miaka mingi kwenye madarasa ya madhehebu ya Kishafii ya pwani yetu, anataja miongoni mwa faradhi kifaya kuwaondolea watu madhara, mfano kumvisha aliye uchi na kumlisha mwenye njaa, pale ambapo zaka na hazina ya umma hazikutosha. Tazama mpangilio huo. Zaka, ambayo ni lazima na ina kiwango chake, imetajwa. Hazina ya umma imetajwa. Wajibu wa wenye ziada mifukoni unakuja pale viwili hivyo vilipopungukiwa. Sisi tumeupindua: tunaanza na mifuko ya watu, na hazina ya umma tunaikumbuka mgonjwa akishahamishiwa wodi ya tatu.

Haikuwa hivi siku zote. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Tanzania ilijiwekea msimamo kwamba matibabu ni jukumu la taifa, na mwaka 1977 ikafika hadi kupiga marufuku hospitali binafsi za biashara. Uchumi ulipoanguka miaka ya 1980, zahanati zilibaki na majengo na wauguzi bila dawa, na "bure" ikawa bure ya kuandikiwa karatasi ukanunue mwenyewe. Hospitali binafsi zikaruhusiwa tena 1991, na kuanzia 1993 ukaja utaratibu wa uchangiaji, wananchi kulipia sehemu ya gharama kwenye hospitali za Serikali. Kenya ilikuwa imeshaanza ada zake 1989. Siwalaumu sana waliofanya uamuzi ule, kwa sababu kasha lilikuwa tupu na wakopeshaji walikuwa mlangoni. Lakini sera ilikiri tangu mwanzo kwamba wapo wasioweza kulipa, ikaweka msamaha: wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee wasio na uwezo, wagonjwa wa baadhi ya magonjwa sugu, na maskini wengine watakaothibitishwa.

Neno zito hapo ni kuthibitishwa. Kwenye hospitali nyingi za umma maskini anathibitishwa na afisa ustawi wa jamii. Anayeuguza anatoka wodini, anaelekezwa "nenda ustawi", anakuta foleni. Afisa yuko mmoja, ana meza, faili na kiti cha plastiki cha mteja. Anauliza: mna shamba? Mume yuko wapi? Hiyo simu uliyoshika ni ya nani? Barua ya mtendaji iko wapi? Barua haipo, kwa hiyo mtu anarudi mtaani kwake, pengine wilaya nyingine, kuitafuta, na mtendaji yuko kikaoni. Afisa mwenyewe si katili. Ana bajeti ya misamaha inayobanwa na uongozi unaotaka makusanyo, na kila anayemwandikia msamaha ni pengo kwenye mapato ya hospitali, kwa hiyo anafundishwa kushuku. Mtu amekwenda kudai haki iliyoandikwa kwenye sera, anatoka akijiona ameomba. Wengi hawafiki hata kwenye kile kiti. Wanafungua kundi la WhatsApp.

Wasiolipa kabisa wamewahi kushikiliwa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya umma jijini Nairobi kwa kushindwa kulipa bili walivunjiwa haki zao za kikatiba. Kwetu kelele zimekuwa juu ya maiti kuzuiwa, na viongozi wametoa maagizo zaidi ya mara moja kwamba isifanyike. Kuagiza ni rahisi. Bili bado iko pale, na hospitali imeachiwa itafute pengo litazibwa na nani.

Hadi hapo nimeilaumu dola, na msomaji mwenye kulipa kodi ameshaanza kutikisa kichwa kwa kukubaliana nami. Asubiri kidogo, maana na sisi tuna letu.

NHIF, Mfuko wetu wa Taifa wa Bima ya Afya, ilikuwa na mpango wa Toto Afya Kadi, shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Bei hiyo ni ya chini mno kwa matibabu ya mwaka mzima, na iliwezekana tu kama wazazi wa watoto wazima wangeingia pamoja na wazazi wa watoto wagonjwa. Wengi hatukuingia. Tulisubiri. Mtoto akiambiwa ana tundu kwenye moyo, siku hiyohiyo kadi inaombwa. Machi 2023 Mfuko ulisitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja, ukaelekeza watoto waingie kwa pamoja kupitia shule, ukisema mpango umeelemewa kwa sababu wanaojiunga ni wagonjwa. Tulipiga kelele mitandaoni, na kweli walioumia ni watoto ambao tayari walikuwa wodini. Ila kelele nyingi zilitoka kwa watu ambao walikuwa na miaka saba ya kununua kadi kwa mtoto asiyeumwa na hawakununua.

Kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, nayo ilikuwa hivyo hivyo: shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka kwenye mikoa mingi. Kadi ya mchango wa harusi mjini siku hizi haishuki hapo, na hiyo ni ya mtu mmoja kwenda kula pilau saa nne usiku. Utetezi tunaujua, kwamba mwenye CHF akifika dirishani anaambiwa dawa hakuna. Ni kweli, mara nyingi mno. Lakini mfuko ambao wazima wameukimbia utakuwa na hela ya dawa kutoka wapi? Wakati sheria ya bima kwa wote ikijadiliwa, waliokuwa na bima ya aina yoyote walikuwa takribani asilimia 15 ya Watanzania, na sensa ya 2022 ilituhesabu milioni 61.7. Ukiwatazama waliokuwa na kadi ya uhakika, wengi ni watumishi wa umma, ambao sheria inawakata asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaongeza 3. Hakuna aliyewaomba wawe na huruma. Walikatwa, na leo wanatibiwa bila picha kusambazwa.

Ndiyo maana hoja ya "huruma ya kulazimishwa si huruma" hainishiki. Mgonjwa hahitaji nimwonee huruma, anahitaji dawa. Kama nimekatwa huku nimenuna, dawa inafanya kazi vilevile. Na anayeipata hana deni la shukrani kwangu wala simdai, jambo ambalo kwenye makundi yetu halipo: jaribu kutofautiana kwenye kikao cha ukoo na mtu aliyewahi kukuchangia milioni.

Kinachonishika ni hoja ya kuaminiana, na hiyo ina mizizi. Septemba 10, 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera. Watu wasiopungua 17 walikufa, mamia wakajeruhiwa, maelfu ya nyumba yakaanguka au kupasuka. Nchi ilichanga: kampuni, balozi, wanafunzi, watu wa kawaida. Kabla mwezi haujaisha, Katibu Tawala wa Mkoa na Mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba walitenguliwa kwa madai ya kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na lile la akaunti ya maafa. Kisha Januari 2017 Rais Magufuli, akiwa huko huko Kagera, akawaeleza wananchi kwamba Serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake. Fedha zingekwenda kwenye miundombinu ya umma, shule na mengineyo, na mtu arudishe nyumba yake mwenyewe.

Kwa upande mmoja alikuwa na hoja ambayo wengi hawakutaka kuisikia: shule ni ya watoto wote, na dola ikianza kujenga nyumba binafsi haijui itaishia wapi. Lakini waliochanga walionyeshwa picha za bibi amekaa nje ya nyumba iliyodondoka. Kama nia ilikuwa madarasa, ingesemwa siku ya kwanza, na watu wangechagua. Mweka hazina wa kundi akichangisha kwa ajili ya operesheni kisha akanunua vitanda vya wodi nzima, hata kama vitanda ni muhimu kuliko operesheni, kundi litamtoa. Miaka minne baadaye, Julai 2021, ilipoanza tozo ya miamala ya simu na tukaambiwa itajenga vituo vya afya, watu walikuwa na kumbukumbu. Tena tozo ilikata hadi ule mchango wa mgonjwa uliokuwa njiani kwenda hospitali. Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikapunguzwa tena. Vituo vilijengwa, hilo halikanushiki. Kilichokosekana ni mtu wa mtaani kuoneshwa njia iliyopita shilingi yake.

Kenya wako katikati ya mtihani huohuo. Tangu Oktoba 1, 2024 SHA, mamlaka yao mpya ya bima ya afya, imechukua nafasi ya NHIF yao, mfuko wa bima ya hospitali ulioanzishwa 1966, na mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Asiye na mshahara anaulizwa maswali juu ya nyumba na mali zake, anakadiriwa, kiwango cha chini shilingi 300 kwa mwezi, na utaratibu ulipoanza alitakiwa alipe ya mwaka mzima mara moja. Mama mboga anayepata hela ya leo kwa ajili ya leo angeitoa wapi ya mwaka? Miezi michache kabla, Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais Ruto alipiga marufuku maafisa wa Serikali kushiriki harambee. Vijana walikuwa wameona jambo: kiongozi anayetoa milioni kanisani Jumapili anapigiwa makofi kwa fedha ambazo, kama zingepita kwenye bajeti, asingepigiwa. Harambee iliyoanza na uhuru wa 1963 kwa kujenga shule za vijiji ilikuwa imegeuka jukwaa la mtu mmoja.

Rwanda wamefika mbali kutuzidi, na ni nchi yenye kipato kisichotuzidi. Mituweli, bima yao ya afya ya jamii, ilianza kwa majaribio mwaka 1999, ikaenea nchi nzima, na sehemu kubwa mno ya wananchi wako ndani. Kwa miaka mingi walitumia Ubudehe: majirani wanakaa, wanapanga kaya kwenye makundi ya uwezo, kaya za chini kabisa zinalipiwa na Serikali franga 2,000 kwa mtu, wa kati wanalipa 3,000, wa juu 7,000. Sitaki kuipamba. Kuna kulazimishana ambako sisi tusingekustahimili, na watu waligombania kuwa maskini kwenye orodha. Ila jambo moja walilitatua: anayelipa 7,000 hamjui anayelipiwa 2,000, na hana haja ya kumjua.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita bungeni kwetu Novemba 2023, baada ya muswada kuahirishwa huku kubwa lililokwama likiwa nani atawalipia wasio na uwezo. Sheria imetaja vyanzo, kama vile sehemu ya ushuru wa vinywaji baridi, vileo na vipodozi. Vyema. Bado kuna yule dada wa kazi aliyevunjika paja: nani anamwandika kwenye orodha? Hana kaya mjini, kwa mwajiri anahesabiwa mgeni, na kijijini kwao anahesabiwa yuko mjini ana kazi. Orodha ikitengenezwa kwa kaya tu, atapita katikati.

Orodha hizi hupikwa kwenye ofisi za mtaa na kijiji, na ndiko ningepeleka nguvu ambayo tunaimalizia kwenye vikao vya harusi. Mkutano wa mtaa unaitishwa, wanakuja wazee kumi na mbili na mgombea. Wachache hao ndio wanaoamua nani maskini, na hatuwezi kushangaa binamu wa mjumbe akionekana maskini kuliko wote. Kusoma majina hadharani kungekuwa kurudia aibu ileile ya picha. Kinachoweza kubandikwa ukutani kila baada ya miezi mitatu ni hesabu: kaya na watu wangapi wameombewa, wangapi wamekubaliwa, wangapi wamekataliwa na kwa sababu zipi, fedha kiasi gani zimefika kituo cha afya kwa ajili yao. Aliyekataliwa apewe karatasi yenye sababu, na rufaa yake isikilizwe wilayani ndani ya siku zinazojulikana, akiwa bado anatibiwa.